Leaf inayokata chaji baada ya dakika ishirini: anza na plagi, waya na tundu kabla ya kununua chaja

Swali: Naishi Nyali, Mombasa. Nina Nissan Leaf ya 2014, betri ya kilowati-saa 24, iliyotoka Japani. Nachajia nyumbani kwa waya uliokuja na gari. Fundi alikata plagi yake ya Kijapani akaifunga ya pini tatu, ampea 13. Siku hizi nikichomeka inaanza vizuri, taa ya buluu inapepesa, lakini baada ya dakika kumi na tano au ishirini inakata. Nikingoja kidogo nikachomeka tena, inaendelea. Kichwa cha waya, kile kinachoingia kwenye gari, kinakuwa moto. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi haianzi kabisa. Gereji wanasema chaja ya ndani imekufa nitafute nyingine. Niwaamini?

Jibu: Usinunue chaja bado. Chaja ya ndani iliyokufa haiamki ikafanya kazi dakika ishirini, ikapumzika, kisha ikaendelea. Mwenendo huo ni wa joto. Kukataa kuanza baada ya mvua ni tatizo la pili, la unyevu, na linaweza kuwa halihusiani na lile la kwanza. Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ni ile plagi iliyokatwa. Mpaka uimalize, tafadhali usichaji usiku mkiwa mmelala, na usiache gari linachaji bila mtu nyumbani. Plagi inayochemka ukutani huunguza nyumba.

Nieleze kwa nini. Kiwaya cha Leaf za Japani kwa kawaida kimeandikwa AC200V, ampea 15. Yaani kinaliambia gari: "vuta hadi ampea 15". Kule kinachomekwa kwenye soketi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Hapa kimefungwa plagi ya ampea 13, na chaja ya gari haijui kwamba plagi imebadilishwa. Inavuta kile ilichoruhusiwa. Fyuzi ya 13 iliyomo ndani ya plagi haikatiki kwa ampea 15. Inakaa tu inachemka kwa saa nyingi, na joto lake linaingia kwenye pini, kwenye soketi na kwenye skrubu zilizobana waya. Plagi ya pini tatu ni nzuri kwa pasi au birika, vitu vinavyofanya kazi dakika chache. Kwa gari linalovuta usiku kucha, kikomo cha busara ni ampea 10.

Jambo la pili kwenye lebo hiyo ni volti. Geuza kile kisanduku kilicho katikati ya waya usome. Kikiwa kimeandikwa 100–240V au 200–240V, kinaweza kutumika huku. Kikiwa kimeandikwa 200V peke yake, hakikutengenezwa kwa 240V ya Kenya, na vifaa vya kinga vilivyomo ndani vinaishi juu ya uwezo wake kila siku. Kikiwa ni cha 100V pekee, usikichomeke hata kwa majaribio.

Waya huo si chaja

Watu wengi, na mafundi pia, hukiita kisanduku hicho "chaja". Kumbe ni swichi yenye akili tu. Chaja yenyewe, inayogeuza umeme wa nyumbani kuwa wa betri, imo ndani ya gari. Kwenye Leaf za kuanzia 2013 iko mbele chini ya boneti, juu ya mota. Kisanduku kinakagua ardhi (waya wa usalama wa pini ya tatu, "earth"), kinaongea na gari, na gari likikubali ndipo kinafunga kontakta, yaani swichi iliyomo ndani yake, na kuachia umeme. Ule mlio wa "tak" unaousikia ndio kontakta hiyo.

Mazungumzo hayo yanapita kwenye tundu la kuchajia. Fungua kifuniko cha mbele: kubwa ni la chaji ya haraka, CHAdeMO, dogo ni Type 1, ndilo unalotumia nyumbani. Lile dogo lina pini tano. Mbili nene hubeba umeme. Moja nene ya tatu ni ardhi. Mbili nyembamba ni za mazungumzo: CP, ambayo kisanduku kinaitumia kuliambia gari livute kiasi gani, na PP, ambayo gari linaitumia kujua kama kichwa kimeshika sawasawa. Karibu kila hitilafu ya tundu inaangukia kwenye mojawapo ya hizo tano, na saa ambayo chaji inakatika hukuambia ni ipi.

Ikikataa papo hapo bila hata "tak", tazama CP, PP, ardhi au taima. Ikisema "tak", ikakaa sekunde chache, ikaachia, ikarudia hivyo hivyo, hapo ndipo chaja ya ndani inaanza kushukiwa. Ikiangusha swichi ya ukutani mara tu kontakta inapofunga, kuna umeme unaovuja au shoti. Ikikata baada ya dakika kumi hadi thelathini, ni joto. Ikikata ukigusa au ukitikisa kichwa, ni PP na ndoano inayokishikiza kichwa kwenye gari. Kwako ni joto, na asubuhi za mvua ni kuvuja au CP.

Mambo mawili ya kuondoa kwanza

La kwanza ni taima. Leaf nyingi zinakuja na mipangilio ya mwenye gari wa Japani, skrini ikiwa kwa Kijapani, na saa ikiwa bado ya kule, ambayo iko mbele ya yetu kwa saa sita. Gari lililowekewa taima linapokea waya vizuri kisha linakaa kimya hadi "saa" yake ifike. Kama asubuhi haianzi lakini mchana inaanza, futa taima kabisa kabla ya kulaumu mvua. Na ikiwa inaishia asilimia 80 kila mara, huo pia unaweza kuwa mpangilio wa kutunza betri, si ugonjwa.

La pili ni betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta na relei za gari. Gari likiwa limezimwa na kutulia kwa saa mbili tatu, pima: volti 12.6 ni nzima, 12.2 imechoka, chini ya 12.0 italeta mambo ya ajabu, pamoja na kukataa kuchaji. Hakikisha pia umezima gari kabisa kabla ya kuchomeka.

Jaribio moja linalosema mengi

Tafuta waya wa kubeba wenye kuchagua ampea, wa 220–240V, wenye kichwa cha Type 1. Azima kama huna. Uweke kwenye ampea 6 na uchaji saa nzima.

Joto la kiungio kibovu hukua kwa mraba wa mkondo. Ukishuka kutoka 15 hadi 6, joto linabaki asilimia 16 tu ya lile la mwanzo. Kwa hiyo ikienda saa nzima kwa ampea 6 bila kukata, umepata jibu: kuna kiungio kinachochemka mahali fulani kati ya ukuta na gari. Pandisha hadi 10 uangalie tena. Ikikata kwa ampea 6 baada ya muda uleule wa dakika kumi na tano, si joto la kiungio, na ndipo utafute ndani ya gari.

Kwa kuwa waya wa kuazima ni mwingine, jaribio hili linapima kitu cha pili pia. Ikifanya kazi nao hata kwa ampea 10 na kukata kwa wako tu, huenda gari lako ni zima.

Ukuta

Kazi hii ni ya fundi umeme, maana inafanywa umeme ukiwa unawaka. Apime soketi hiyo bila gari: baina ya laini na nyutro 240 au karibu; laini na ardhi iwe karibu sawa na hiyo; nyutro na ardhi volti chache tu. Laini na ardhi ikisoma kitu cha kuyumbayumba, kama 90 au 130, ardhi haipo au imekatika. Nyumba nyingi zina pini ya tatu ambayo haiendi popote. Kisanduku kizuri kitakataa hapo, na kinafanya vizuri kukataa. Usikubali mtu aunganishe ardhi na nyutro ndani ya plagi ili "kukidanganya". Siku nyutro itakapokatika, bodi nzima ya gari itakuwa na umeme.

Kisha apime tena gari likivuta. Hapa hesabu inasaidia. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba una takriban omu 7.4 kwa kilomita. Soketi iliyo mita 20 kutoka kwenye boksi la swichi ina mita 40 za waya, kwenda na kurudi, yaani omu 0.3. Kwa ampea 10 unapoteza volti 3. Kwa waya wa 1.5 unapoteza karibu 5. Mita ikionyesha umeshuka volti 20, waya hauwezi kueleza hilo. Kuna kiungio kilicholegea, na volti 20 kwa ampea 10 ni wati 200 za joto zinazotoka pengine kwenye skrubu moja. Linganisha usomaji wa kwenye boksi na wa kwenye soketi kwa wakati mmoja. Ukishuka kwenye boksi pia, tatizo liko kabla ya hapo, kwenye laini inayoingia nyumbani.

Zima, chomoa, fungua plagi. Tafuta plastiki iliyobadilika rangi ya kahawia karibu na pini ya laini, fyuzi ambayo ncha zake zimefifia, na nyuzi za shaba zilizogeuka rangi ya zambarau au kukakamaa. Ukiona chochote kati ya hivyo, plagi na soketi zote mbili zinatupwa. Ekstensheni pia iondoke njiani. Ikiwa ni lazima kwa siku moja, ikunjuliwe yote, maana ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake joto halina pa kutokea.

Suluhisho la kudumu ni laini ya peke yake kutoka kwenye boksi: waya wa milimita 4 za mraba, wa 6 ikiwa ni mbali, swichi ya ampea 20, kinga ya kuvuja ya miliampea 30, na mwisho wake soketi ya buluu ya viwandani badala ya ile ya pini tatu. Ukiweka kisanduku cha ukutani cha ampea 32 baadaye, waya wa 6 utakuwa tayari, ingawa swichi itabidi ibadilishwe. Chaja ya Leaf yako, kama ni ile ya kilowati 3.3, haitavuta zaidi ya ampea 16 hata ukiipa 32.

Kichwa cha waya

Chomoa waya ukutani. Washa tochi na uchungulie matundu matano ya kichwa. Ndani ya kila tundu nene kuna chuma chenye springi kinachobana pini ya gari. Springi ikilegea, chuma kinagusa kwa sehemu ndogo tu. Omu 0.05 zinaonekana si kitu, lakini kwa ampea 15 ni wati 11 ndani ya plastiki isiyo na hewa. Joto hilo linalegeza springi zaidi, nayo inaongeza joto. Ndiyo maana hitilafu hii haiponi yenyewe. Kila wiki inakata mapema kidogo kuliko wiki iliyopita.

Linganisha matundu mawili ya umeme. Moja likiwa jeusi au mdomo wake wa plastiki umelainika na kuwa na umbo la yai, umempata mhusika.

Sasa PP. Weka mita kwenye omu, upime baina ya PP na ardhi kwenye kichwa. Bila kubonyeza kitufe isome takriban 150. Ukibonyeza kitufe cha ndoano iruke hadi karibu 480. Hivyo ndivyo gari linavyojua unataka kuchomoa, na likiona 480 linaacha kuvuta haraka ili usichomoe umeme ukiwa unapita. Kitufe kikikwama kwa chumvi na vumbi, au ncha ya ndoano ikimegeka, kichwa kinakaa kwenye 480 au kinarukaruka, na gari linadhani kila wakati kuna mtu anachomoa. Ukiona namba inacheza unapotikisa kitufe, fungua kichwa, safisha swichi ndogo iliyo ndani au uibadilishe. Ndoano iliyomegeka haiundiki kwa gundi ikadumu, badilisha kichwa.

Mwisho CP. Chomeka kisanduku ukutani, kichwa kikiwa mkononi bila gari, upime volti za DC baina ya CP na ardhi. Iwe +12, imetulia. Ikiwa sifuri, kisanduku au waya wake umekufa, na gari lako halina kosa. Fundi akipima CP wakati kichwa kimeunganishwa na gari kwa kifaa cha katikati, asishtuke mita ikionyesha hasi. Pale kisanduku kinatuma mapigo 1,000 kwa sekunde, na upana wa pigo ndio unaotaja ampea: asilimia 16.7 ni ampea 10, asilimia 25 ni 15. Mita ya kawaida husoma wastani wa mapigo hayo, na kwa ampea 10 kabla gari halijaomba umeme wastani unaangukia kama −8.5. Anayetaka kuyaona sawasawa atumie osiloskopu.

Kama unatumia waya wa kuunganisha nguzo za umma za Type 2, aina nyingine ya tundu, na tundu lako la Type 1, upande wa Type 2 nao una kipingamizi baina ya PP na ardhi kinachoitajia nguzo uwezo wa waya: omu 1,500 kwa ampea 13, 680 kwa 20, 220 kwa 32. Adapta za bei ya chini wakati mwingine zinauzwa bila hicho, na nguzo inajibu kwamba hakuna waya.

Tundu la gari, na chumvi ya pwani

Hapa Mombasa ina ugonjwa wake. Hewa ya bahari inaacha chumvi juu ya pini, chumvi inavuta unyevu usiku, na asubuhi kuna utando mwembamba unaopitisha umeme baina ya pini ambazo hazitakiwi kugusana. Ndiyo maelezo ninayoyapa uzito zaidi kwa asubuhi zako za mvua.

Angalia rangi. Weusi mwepesi juu ya pini nene ni fedha iliyofifia, maana pini hizo zimepakwa fedha. Si tatizo kubwa. Kijani ni shaba, maana yake fedha imekwisha na chuma cha ndani kinaliwa. Unga mweupe ni chumvi. Kahawia au uvimbe kwenye plastiki iliyozunguka pini ni moto, na tundu hilo halisafishwi, linabadilishwa.

Angalia kwa makini zaidi zile pini mbili nyembamba, ambazo watu huziruka kwa kuwa "hazibebi umeme". Gari linapotaka umeme huishusha CP hadi volti 6 kwa kuweka omu 882 na diodi njiani, na kisanduku kinakubali kati ya 5 na 7. Kutu ikiongeza omu 400 tu juu ya pini hiyo, volti inapanda kupita 7, na kisanduku hakifungi kontakta kamwe. Kutu ya omu 400 ni doa dogo la kijani ambalo hata halionekani bila tochi.

Kusafisha: zima gari, waya usiwe umechomekwa. Tumia pombe ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, au dawa ya kupuliza ya kusafishia viungio vya umeme isiyoacha mafuta, pamoja na pamba za kijiti na brashi laini ya nailoni. Safisha pini moja moja, ukibadilisha pamba hadi itoke safi, na ufute pia plastiki baina ya pini, kwa kuwa ndipo umeme unapovujia. Chini ya tundu kuna nafasi ya kutolea maji. Hakikisha haijazibwa na vumbi au nyumba ya mdudu. Acha kifuniko wazi nusu saa pakauke. Msasa na kisu vinakwangua fedha na tundu litaoza ndani ya miezi. Mafuta ya kupuliza ya kulainishia nati yanakusanya vumbi. Mashine ya kuoshea yenye presha isielekezwe pale hata kifuniko kikiwa kimefungwa.

Halafu pima ardhi ya tundu: mita kwenye omu, ncha moja kwenye pini ya ardhi ya gari, nyingine kwenye chuma cha bodi kisicho na rangi. Isome karibu sifuri, chini ya omu moja. CP inarudi kupitia ardhi hiyo hiyo. Boliti yake ikioza, gari na kisanduku havionani, na mtu anaweza kubadilisha chaja mbili bila kupona.

Kifuniko cha ndani chenye mpira nacho kikaguliwe. Mpira uliopasuka ndio unaoingiza maji, na kusafisha bila kuubadilisha kunakupa nafuu hadi mvua ijayo.

Lini uingie ndani ya gari

Ukishafika hapa na tatizo bado lipo, tafuta kifaa cha OBD cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu ya simu ya LeafSpy. Soma kodi za hitilafu kabla mtu hajazifuta, uzipige picha. Kodi ya P0AA6 inasema umeme mkubwa unavuja kuelekea bodi. Hapo gari linaenda kwa fundi wa magari ya umeme na hakuna kuendelea kubahatisha.

Ukiweza kufika kwenye chaji ya CHAdeMO, jaribu hapo. Chaji ya haraka haipiti kwenye kazi ya kugeuza ya chaja ya ndani. Ikikubali, betri kubwa na relei zake kuu ziko sawa, na msako unabaki kwenye waya, tundu dogo na chaja. Angalia pia maji ya kupoza kwenye chupa zilizo chini ya boneti. Chaja ya Leaf inapozwa kwa maji, na yakipungua au pampu ikinyamaza, chaja inajikinga kwa kukata. Hili ni jambo la ndani ya gari linaloweza kuiga dalili yako ya dakika ishirini, na pampu ni rahisi kuliko chaja.

Gereji wakisisitiza kwamba chaja imekufa, waombe wakuonyeshe kitu kimoja: volti 240 zinafika kwenye maingilio ya chaja, kontakta imefunga, na ampea hazitoki. Bila kipimo hicho wanakisia kwa pesa zako. Na wasipime uzima wa ganda la waya kwa mega, kile kipimo kinachosukuma volti 500, huku chaja ikiwa bado imeunganishwa. Kipimo kinaweza kuiua chaja iliyokuwa nzima.

Kama tundu linabadilishwa

Hii si kazi ya nyumbani. Nyaya za rangi ya chungwa zina zaidi ya volti 350 za DC. Fundi anayejua atazima gari, atafungua hasi ya betri ya volti 12, atachomoa plagi ya usalama iliyo sakafuni kwa nyuma, atasubiri angalau dakika 10, kisha atapima kuhakikisha ni sifuri kabla ya kugusa, akiwa na glavu za mpira za volti 1,000 zisizo na tobo. Asiyetaja plagi hiyo ya usalama asifungue gari lako.

Tundu la mtumba linunuliwe na waya wake wote hadi kwenye konekta, lisiwe limekatwa. Waya wa kuchajia uliosokotwa na kufungwa tepu ni kiungio kingine kitakachochemka, safari hii mahali usipopaona. Kabla ya kulipia, uchungulie pini zake kama nilivyoeleza, maana gari lililotolewa kwenye ajali huenda lilikuwa pwani pia, au limekaa miezi uani kifuniko kikiwa wazi.

Na tundu jipya lisionjeshwe kichwa cha zamani. Springi iliyolegea ndiyo iliyounguza pini, na pini mpya itaungua kwa springi ileile. Kichwa, tundu na plagi ya ukutani vikaguliwe pamoja, na kilichobadilika rangi kwa moto kiondoke pamoja na mwenzake anayekigusa. Kwako, kwa maelezo uliyotoa, naona waya mpya wa 220–240V wenye kuchagua ampea, laini ya peke yake, na usafi mzuri wa tundu. Tundu lenyewe nasubiri rangi ya plastiki yake kabla ya kulihukumu.

Ukishamaliza, chaji nusu saa kwa ampea 6, kisha nusu saa kwa 10, ukishika kichwa na plagi ya ukutani kila baada ya dakika kumi. Uvuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha kiganja hapo kwa sekunde tano, zima na urudi kwenye kiungio hicho. Kwa ampea 10, betri ya kilowati-saa 24 iliyokaribia kuisha itahitaji saa kumi au kumi na moja, kwa hiyo chaji za kwanza zianze asubuhi ili uwe macho mpaka zimalizike.